Sheni inakatika kila mara? Pima kwanza gurudumu ya nyuma



Katika nambari hii hatutazungumuza juu ya mbolea wala juu ya mozaiki ya muhogo. Tutazungumuza juu ya pikipiki, ile yenye inaleta mbolea na kushusha muhogo. Mimi niko agronome, siko fundi wa garaji. Lakini kazi yangu yote inafanyika juu ya moto, na kahawa yenu yote inashuka kutoka mulimani juu ya moto. Moto ikilala njiani, agronomia yangu inalala pamoja nayo.

Musimu mumoja wa kahawa nilibadilisha sheni mara tatu. Ya kwanza ilikatika, nikasema ilikuwa ya zamani. Ya pili haikumaliza hata miezi miwili, nikasema muuzaji aliniibia. Ya tatu njo iliniumiza. Nilikuwa ninashuka na magunia mawili ya kahawa mbivu ya mama mumoja mwanamemba, saa kumi ya jioni, mvua ilikuwa imetoka kuacha. Kwenye kona sheni iliruka kutoka kwenye meno ya nyuma, ikajikunja kati ya gurudumu na mukono wa chuma, na gurudumu ikasimama ghafula kama vile mutu ameifunga na kamba. Tulienda ubavu-ubavu mupaka kwenye mufereji. Mimi nilichubuka goti tu, lakini kahawa ililala pale. Munajua kunipita mimi: kahawa mbivu inapaswa kutolewa ganda siku ile ile yenye imechumwa. Asubuhi yake magunia yalikuwa na joto ndani na yalinuka kama kasiksi. Kwenye stasio ya kuosha kahawa waliikataa. Yule mama alikuwa amehesabia hizo pesa kwa minervale ya watoto.

Nilipeleka pikipiki kwa muzee mumoja anayetengeneza baiskeli na moto pembeni ya soko. Nikamuomba: «Muzee, unitafutie sheni muzuri, hata kama ni ya bei.» Akanijibu: «Agronome, hata nikuwekee sheni ya zahabu, utarudi hapa.» Hakuangalia sheni hata kidogo. Alituma mutoto aende kuazima uzi kwa mumasoni mwenye alikuwa anajenga karibu. Akaunyoosha pande mbili za pikipiki, kutoka nyuma mupaka mbele, akaniita nichuchumae nione. Upande wa kushoto, kati ya uzi na pine ya mbele, mukono wangu wote ungeweza kuingia. Upande wa kuume, uzi ulikuwa unaisukuma pine. Gurudumu ya nyuma ilikuwa inaangalia njia ingine, na ya mbele njia ingine. Na mimi nilikuwa ninanunua sheni tu.

Kitu chenye kilinishangaza zaidi ni hiki. Juu ya ile mikono miwili ya chuma yenye inashika gurudumu ya nyuma, kuko alama ndogo zenye zimepigwa kule kiwandani, kama mistari ya rula. Kila fundi anaangaliaka alama hizo wakati anakaza sheni: kushoto kwenye mustari wa ine, kuume kwenye mustari wa ine, kazi imeisha. Kwenye pikipiki yangu zote mbili zilikuwa kwenye mustari wa ine. Alama zilikuwa sawa, gurudumu haikuwa sawa.

Alama hizo si mubaya, lakini hazijue mambo yenye yamefikia pikipiki tangu itoke kiwandani. Pikipiki ya kazi inaangukaka, inabeba magunia matatu mahali inapaswa kubeba mutu mumoja, inaingia kwenye mashimo usiku. Mukono mumoja unaweza kupinda kidogo sana, jicho lisione. Kile kibati chenye kuko mustari wake kinaweza kukunjika, ao fundi alikiweka kinyume siku alibadilisha pine. Na hata bila hayo yote, mistari yenyewe ni minene: mutu mumoja anasoma kwenye mwanzo wa mustari, mwingine kwenye mwisho wake, tayari wanaachana na milimetre moja ao mbili.

Mutaniuliza: milimetre mbili ao tatu ni nini? Tufanye hesabu, ni ya darasa la sita. Tuseme kutoka mukono wa kushoto mupaka mukono wa kuume ni santimetre 20. Tena kutoka katikati ya gurudumu ya nyuma mupaka katikati ya ile ya mbele ni santimetre 125, njo kadiri ya moto mingi za kazi. Kama upande mumoja umetangulia ule mwingine na milimetre 3, basi kwa kila santimetre 20 gurudumu inakosa njia na milimetre 3. Ndani ya 125, 20 inaingia mara sita na robo. Mara sita na robo kwa milimetre 3 ni karibu 19. Kosa lenye huwezi kuona nyuma, mbele linakuwa santimetre mbili hivi. Njo maana muzee alitumia uzi: uzi unakuza kosa mupaka jicho linaliona.

Sheni nayo inateseka namna gani? Imefanywa ili ijikunje upande mumoja tu, ule wa kuzunguka meno. Haikufanywa kwa kupinda ubavu. Kama meno ya mbele, yale mafundi wanaita pinyo, na meno ya nyuma, yenye wanaita kurone, hayako kwenye mustari mumoja, kila kipande cha sheni kinaingia kwenye meno kwa ubavu, kinasuguana, kinatoka. Kwa kilometre moja jambo hilo linafanyika maelfu ya mara. Chuma kinakula chuma. Na siku sheni imelegea kidogo, gurudumu imegonga jiwe, muzigo ni muzito, sheni inapanda juu ya jino na kuruka. Ikiruka wakati unapanda, unasimama tu. Ikiruka wakati unashuka, unaweza kufa.

Pine, kwa pikipiki ya magurudumu mawili, haikulwe sana na kosa hili, kwa sababu musukani unajipinda kidogo na magurudumu yote mawili yanaendelea kuviringika kwenda mbele. Lakini hayapite tena mahali pamoja. Kwenye barabara ya mawe hutasikia kitu. Kwenye udongo mwekundu wenye magari yamechimba, ao juu ya daraja la miti miwili, utasikia vizuri sana: mbele imepita, nyuma inatafuta njia yake.

Mbele ya kugusa kle yoyote, angalia. Kuko alama zenye zinasema zenyewe. Chuchumaa nyuma ya pikipiki, funga jicho moja, ufuate sheni kwa jicho kutoka kurone mupaka pinyo: inapaswa kwenda sawa kama kamba yenye kunyooshwa, bila kupinda mahali inatoka kwenye meno. Kisha pangusa meno ya kurone na kitambaa na utazame ubavu wake. Meno yenye kulika pande zote mbili sawasawa ni uzee wa kawaida. Meno yenye kung'aa na kulika ubavu mumoja tu, na ubavu mwingine ungali na rangi yake, ni gurudumu yenye haiko sawa. Angalia tena ndani ya sheni, vile vibati vya upande: vikiwa vyeupe vya kung'aa upande mumoja tu, ni jambo lile lile. Tena, kama unaenda njia ya sawa lakini musukani wako uko umepinda kidogo, sikiliza hiyo.

Jaribio lenye mimi ninapenda zaidi halina bei. Kisha mvua kidogo, tafuta mahali pa sambamba penye udongo laini, kiwanja cha masomo kwa mufano. Endesha polepole na sawa kwa metre kumi, kisha shuka urudi nyuma kutazama. Kama magurudumu yako sawa, alama ya pine ya nyuma inafunika ile ya mbele. Kama unaona alama mbili zinaenda pamoja kama vile ndugu wawili wenye kugombana, moja pembeni ya ingine tangu mwanzo mupaka mwisho, ni hakika kuko kazi.

Sasa, kosa lenye mafundi wengi vijana wanafanya ni kukimbilia kukaza. Kwanza tafuta kitu chenye kinacheza, kwa sababu hauwezi kupima kitu chenye kinatembea. Simamisha pikipiki kwenye miguu yake miwili ya katikati ili gurudumu ya nyuma iwe hewani. Shika pine nyuma kabisa, uisukume kushoto na kuume. Ikicheza ndani ya mikono ya chuma na mikono yenyewe inatulia, ni rulema za gurudumu zimekufa. Ikicheza pamoja na mikono yote, ni zile bagi za mbele, mahali mikono inazungukia kwenye bulo kubwa karibu na motere. Katika hali hizo mbili, badilisha kwanza. Ukipima juu ya rulema yenye kufa, leo utakuta sawa, kesho utakuta kosa.

Kisha zungusha gurudumu polepole, ukiwa umeweka kijiti karibu na janti bila kuigusa. Kama janti inakaribia kijiti na kukiacha, inakaribia na kukiacha, marayo yamelegea ao janti imegongwa. Hiyo ni kazi ya fundi wa marayo, tandere haiwezi kuiponyesha. Mwisho, angalia vile vibomba vifupi vya chuma vyenye vinakaa pande mbili za gurudumu juu ya aksi, mafundi wanaviita antretwaze. Mara mingi kimoja ni kirefu na kingine kifupi. Ule mwenye aliziba pine yako usiku, na taa ya simu mudomoni, angeweza kuvibadilisha bila kujua. Gurudumu yote inahama upande, na hakuna alama itakuambia. Kwangu mimi, kati ya pikipiki zenye nimepima katika koperative zenye tunasaidia, hilo njo kosa lenye nimekutana nalo sana, na ni bure kulirekebisha.

Kama hakuna kitu kinacheza, tunapima mara mbili, na vyombo viwili tofauti.

Chombo cha kwanza ni kijiti chenye misumari miwili. Tafuta ubao mwembamba na nyoofu. Piga musumari mumoja karibu na mwisho wake, na uweke ncha yake katikati kabisa ya ile bulo kubwa ya mbele yenye mikono inazungukia. Pale ncha ya pili inafika katikati ya aksi ya gurudumu, yaani ile chuma ndefu yenye inapita ndani ya gurudumu, piga musumari wa pili. Sasa chukua kijiti kile kile uende upande mwingine. Musumari wa kwanza kwenye bulo: ule wa pili unapaswa kuanguka katikati ya aksi. Ukianguka mbele ao nyuma yake, upande mumoja umevutwa zaidi. Kama bomba la moshi ao kikanyagio kinazuia, tumia misumari mirefu ili kijiti kipite inje yake. Kitu cha lazima ni kwamba misumari isimame wima, isiiname.

Chombo cha pili ni uzi wa masoni, kiasi cha metre sita. Pandisha miguu ya katikati, pikipiki isimame kwa magurudumu yake mwenyewe, na mutu aishike wima. Mukiwa watatu ni vizuri. Pitisha uzi nyuma ya pine ya nyuma, ulete ncha zake mbili mbele, moja kila upande, mupaka kupita gurudumu ya mbele. Uzi upite chini ya vikanyagio, bila kugusa kitu kingine chochote isipokuwa pine ya nyuma. Ile miguu ya pikipiki njo inasumbuaka sana, mutaona. Vuta ncha zote mbili polepole kwenda ndani mupaka kila uzi uguse ubavu wa pine ya nyuma mahali pawili: kwenye ukingo wake wa nyuma na kwenye ukingo wake wa mbele. Usivute kupita pale, juu uzi utapinda na kukudanganya. Funga ncha kwenye mawe mawili ao vigingi viwili.

Sasa geuza musukani mupaka gurudumu ya mbele iende sambamba na nyuzi, kisha pima nafasi kati ya uzi na pine ya mbele, kushoto na kuume. Kusiwe na haraka hapa. Moto mingi za kazi kwetu ziko na pine ya mbele yenye kuandikwa 2.75-17 na ya nyuma 3.00-17. Nambari ya kwanza ni upana kwa inchi. Ya nyuma inapita ile ya mbele na robo ya inchi, ni milimetre 6 na kidogo. Kwa hiyo kama kila kitu kiko sawa utakuta kiasi cha milimetre 3 kila upande. Usishangae kama ni 4 na 4, ao 2 na 2, kwa sababu pine za viwanda tofauti hazilingane kabisa. Kitu tunatafuta ni kwamba pande mbili zilingane.

Kama haziko sawa, rekebisha hivi. Legeza ekru kubwa ya aksi, na ile ekru ndogo ya chuma chenye kinashika ngoma ya freni, ukitoa kwanza gupiye yake. Kisha tumia tandere, vile visi viwili vyenye kuvuta aksi nyuma, kimoja kila mukono. Upande wa sheni unaamua sheni ikaze namna gani. Kwa hiyo tengeneza kwanza upande huo mupaka sheni iwe vizuri, kisha usiuguse tena. Unyoofu wa gurudumu utatafutwa na tandere ya upande mwingine peke yake. Fundi mwenye anagusa huku kidogo, kule kidogo, atakaa pale mupaka giza.

Kanuni ni moja: upande wenye uzi uko karibu na pine ya mbele, njo upande wenye aksi inapaswa kurudi nyuma. Kama upande huo ni ule usio na sheni, kaza tandere yake. Kama uzi uko karibu upande wa sheni, basi legeza tandere ya upande mwingine, na usukume gurudumu mbele kwa kisigino mupaka iguse. Ekru iko na pande sita. Geuza upande mumoja, kisha tazama uzi tena. Kuizungusha yote kunasogeza aksi karibu milimetre moja, na mumeona kwa hesabu yetu namna milimetre moja nyuma inafika mbali mbele.

Nyuzi zikiwa sawa, rudia na kijiti cha misumari. Vyombo viwili vikikubaliana, kaza ekru kubwa. Kisha pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe kunasogezaka gurudumu. Wengi wanaruka hatua hiyo.

Na kama havikubaliane? Kijiti kinasema aksi iko sawa pande zote mbili, lakini uzi unakataa. Usilazimishe tandere ili uzi ufurahi. Hapo kosa haliko kwenye tandere: ni antretwaze yenye kubadilishwa, ni janti yenye marayo yake yamevutwa upande mumoja, ni mukono wenye kupinda, ao ni huku mbele, fursheti yenye kupinda kisha kuanguka. Pima nafasi kati ya janti na kila mukono, ulinganishe na pikipiki ingine ya aina ile ile yenye haijaanguka. Mukono wenye kupinda unapaswa kubadilishwa. Nimeona watu wanaunyoosha kwa nyundo na moto wa makaa. Sipende kusema mengi, lakini chuma chenye kimepashwa moto na kupigwa vile, mimi siwezi kukiwekea muzigo wala mutoto.

Kwenye pikipiki yangu, kilikuwa kitu gani? Kile kibati chenye alama, upande wa kuume, kilikuwa kimewekwa kinyume, ndani inje, na mustari wake ulihama. Kila fundi, pamoja na mimi, alikuwa anafuata kibati hicho kwa uaminifu wote.

Mambo mawili ya hatari kisha kurekebisha. La kwanza ni freni. Gurudumu ikirudi nyuma, ile chuma ya freni ya mguu inavutika, na freni inaweza kubakia inashika kidogo. Zungusha gurudumu na mukono: inapaswa kuzunguka bure. Kisha kanyaga freni: inapaswa kushika kabla mguu haujafika mwisho. Rudisha ekru ya ngoma na gupiye yake. Bila hiyo ekru ngoma inaweza kuzunguka pamoja na gurudumu siku utakanyaga freni kwenye mutelemuko.

La pili ni kukaza sheni kupita kiasi. Bila muzigo, katikati ya sheni chini, inapaswa kupanda na kushuka kiasi cha santimetre mbili mupaka tatu. Tazama karatasi yenye iko juu ya mukono ao kitabu cha pikipiki yako, kila aina iko na yake. Lakini sheni inajikaza yenyewe wakati mikono inashuka chini ya muzigo. Kwa hiyo kisha kutengeneza, funga magunia ya kawaida, wewe mwenyewe ukae juu, na mwenzako aguse sheni. Ikiwa kama kamba ya gitare, legeza, na urudie kupima unyoofu. Zungusha pia gurudumu na uguse sheni mahali mbalimbali, kwa sababu sheni yenye kuzeeka iko na mahali inakaza na mahali inalegea. Pima kwenye mahali inakaza.

Ili kujua kama sheni yako ingali inafaa ao umepima unyoofu wa maiti: sheni za namna ya 428, zenye moto mingi za kwetu zinatumia, ziko na milimetre 12.7 kutoka musumari mumoja wa sheni mupaka musumari wenye kufuata. Hesabu misumari 21, yaani nafasi 20. Kwa sheni mupya ni milimetre 254. Ikifika 259, itupe, na ubadilishe kurone na pinyo pamoja nayo, kwa sababu meno ya zamani yanaharibu sheni mupya. Wakati unaweka mupya, kile kifungio kidogo cha kufunga sheni, upande wake wenye kufungwa uangalie kule sheni inaenda. Kikiwekwa kinyume, jiwe moja linaweza kukitoa.

Koperative zenye ziko na moto ya magurudumu matatu, ile yenye sanduku nyuma, uzi wenu utafanya kazi ingine. Kwa hiyo aksi ya nyuma ni chuma kimoja kirefu chenye kufungwa juu ya resori za mabati, kushoto na kuume. Katikati ya kila resori kuko bulo moja ndogo yenye inashika aksi mahali pake. Muzigo ukizidi, ao zile bulo zenye umbo la U zikilegea, hiyo bulo ndogo inakatika kimya, na upande mumoja wa aksi unateleza nyuma. Moto inaanza kutembea kama mubwa, mbele inaangalia huku na nyuma huku. Hapa pine zinakulwa kweli, na haraka. Chukua nukta moja katikati kabisa ya chasi kule mbele, funga uzi pale, uupeleke mupaka mwisho wa aksi kushoto, fanya fundo, kisha uupeleke kuume. Fundo linapaswa kuanguka mahali pale pale. Likikosa, musikaze tu. Fungueni muangalie ile bulo.

Njia hii si ya sisi maskini tu. Kule Uingereza kuko gari ndogo ya kukimbia, MGB, yenye ilitengenezwa tangu 1962 mupaka 1980, na aksi yake ya nyuma inakaa juu ya resori za mabati sawa na ile moto yenu ya sanduku. Hata leo, katika mashindano ya magari, wafundi wananyoosha nyuzi pembeni ya gari ili kujua kama magurudumu yanaangalia njia moja. Wako na kompyuta. Uzi haupoteze batri.

Katika koperative yenye ninafuata, uzi na kijiti cha misumari vinatundikwa sasa nyuma ya mulango wa depo, karibu na mizani. Kila siku ya posho, wamotari wawili wanapima pikipiki zote mbele ya kupokea mafuta ya juma, na mwandishi anaandika katika daftari: kushoto ngapi, kuume ngapi, nafasi 20 za sheni ngapi. Yule mama, kamati ilimulipa nusu ya kahawa yake, na nusu mimi niliitoa. Sheni yenye muzee aliniwekea siku ile ingali juu ya pikipiki. Juzi nimeipima: 256.

Wakati nitapita kwenu mwezi wenye kuja, mutayarishe ubao mwembamba na misumari miwili mirefu. Uzi nitaleta mimi.